Aliyemsomea Mjomba Barua

Toronto, 9 Februari 1997

Kwa Mjomba Kangethe,

Sauti iliyonisindikiza mpaka huku ni ya mama. Ulikuwapo uwanja wa ndege, uliisikia. Nilikuwa nimeshapita kwa askari wa pasipoti, nimewapa mgongo, ndipo akaita: "Wamaitha, umebeba sweta?" Aliita kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, maana mwenyewe hajisikii, na ukumbi wote ukageuka. Mtu mmoja alicheka. Mimi sikugeuka. Nilijifanya Wamaitha ni mwingine. Ni mwaka na nusu sasa, na kila nikivaa sweta naisikia.

Hujambo lakini? Nyumbani hawajambo? Mgongo wako umepona? Mimi nina afya. Theluji imefika magotini na madirisha yamefungwa tangu Novemba. Bado nimepanga chumba kwa Bi Daulat, orofa ya kumi na nne, hapa Thorncliffe Park. Ziko siku ninaongea na dereva wa basi peke yake, na ninachomwambia ni asante.

Masomo yanakwenda. Nimeruhusiwa kuandika tasnifu juu ya yule Mwingereza niliyekutajia, Enoch Threlfall, mwana wa mfumaji aliyejenga kiwanda cha nguo kisha akawa mbunge enzi za Malkia Victoria. Makaratasi yake yako kwenye maktaba ya hapa, masanduku matatu.

Asante kwa barua ya Krismasi. Mama hakuongeza mstari wake chini kama kawaida. Nilitafuta hata nyuma ya karatasi.

Mpwa wako,
Wamaitha

*

Thika, 5 Machi 1997

Kwako Maitu,

Najua unashangaa kuona Mjomba anaandika Kiswahili ukurasa mzima bila kuchanganya Kikuyu. Najizoeza. Mjini hapa kuna Wakamba, Waluhya, Wajaluo na Wasomali. Wote wana kura, na wote wamelalia blanketi langu. Ndiyo, Maitu, nasimama ubunge! Uchaguzi ni mwisho wa mwaka.

Sisi wazima. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mvua bado. Kiwanda kinajikongoja, mitumba imetumaliza, ila blanketi la shule bado linanunuliwa kwa sababu hakuna Mzungu anayetupa blanketi zuri. Mama yako mzima. Ana shughuli nyingi za kanisa.

Kuhusu huyo Threlfall wako, nilicheka peke yangu ofisini mpaka karani akachungulia. Yaani umevuka bahari kwenda kumsoma mtu kama mjomba wako! Sasa mwandike na huyu aliye hai. Nataka kijitabu cha kurasa ishirini kuhusu maisha yangu, tangu nilipokuwa nafagia vumbi la pamba kwa Wahindi hadi nilipokinunua kiwanda chenyewe. Kiwe Kiswahili cha kueleweka, na jina lako likae juu ya jalada. Nikikuita Maitu, yaani mama yangu, sifanyi mzaha. Una jina la mama yangu mzazi, na wazee wa hapa walimjua. Wakiona ni Wamaitha anayenisifu watasema mama yake mwenyewe ndiye amemtuma.

Usininyime hili.

Mwanao mzee,
Kangethe

*

Toronto, 30 Machi 1997

Mjomba mpendwa,

Leo ni Pasaka. Nimetoka kanisani Scarborough sasa hivi, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Ibada ni ya Wakenya na watu wa Kongo na Burundi, na pambio moja huimbwa kwa lugha tatu. Watu hunisalimu vizuri, kisha kila familia hupanda gari lake. Hongera kwa ndama, na kwa ubunge.

Nimekubali, na nimeshaanza. Jana niliandika sura ya ufagio kwa pumzi moja. Nilijua mengi kuliko nilivyodhani: unavyonusa uzi kabla ya kuupokea, unavyotambua mashine inayoumwa kwa kuweka kiganja juu yake. Nilipokuwa naandika nilihisi nimekaa nanyi mezani. Baba alipofariki ni wewe uliyenipeleka shule ukinishika mkono, na nimeliandika hilo pia. Ukiona halifai kwa kampeni, lifute, lakini nimeliandika.

Bi Daulat alinikuta saa saba mchana bado sijala. Ni Mhindi aliyezaliwa Mbale, mumewe alikuwa na kinu cha pamba, na Kiswahili chake ni cha jikoni kwao.

"Wewe nasoma sana, nakula kidogo," akaniambia. "Huyu Mzungu yako, nakufa lini?"

"Elfu moja mia nane themanini na tisa."

"Basi! Wacha yeye lala. Kuja kula kichri."

Kichri ni wali na dengu. Nilikula sahani mbili.

Threlfall mwenyewe ni mtu wa kupendeza ukimsoma harakaharaka. Mashine mia sita, kanisa alilolijenga, chumba cha magazeti kwa wafanyakazi, na miaka kumi na mmoja Bungeni. Ila katika kumbi zake alipuliza mvuke ili nyuzi zisikatike, na wanawake walitoka humo nguo zimelowa na kuingia kwenye baridi. Vifua viliwaua. Kamati ya Bunge ilipomuuliza alijibu kwamba hakuna mtu aliyewahi kumweleza. Hapo ndipo nilipofika.

Mama hakuongeza mstari safari hii tena. Kumpigia simu siwezi, hanisikii, unajua. Miaka kumi na saba kwenye mashine zako imemwachia macho tu. Mwambie aandike hata neno moja.

Wako,
Wamaitha

*

Thika, 18 Mei 1997

Maitu,

Sura ya ufagio nimeisoma mara nne. Nilipofika pale pa kukushika mkono nilimwambia karani atoke. Usiifute.

Barua hii anakuletea Murithi, kijana wa jirani yetu fundi saa, anakuja huko kusomea uuguzi. Mpokee. Amebeba pia majani ya chai na maelezo ya sura zilizobaki. Yafuate kama yalivyo, hasa ya sura ya tano. Hiyo wapinzani wataisoma kwa miwani.

Mvua imenyesha mpaka daraja la chini likafungwa siku mbili. Mikutano ni mingi, sauti imekwisha, nakunywa asali na limau. Mama yako mzima, amesafiri kidogo.

Harakisha, Maitu. Mpiga chapa anataka kazi kabla ya Septemba.

Kangethe

*

Toronto, 29 Juni 1997

Mjomba,

Shikamoo. Chai imefika. Bi Daulat ameipika na tangawizi akasema sasa ndiyo chai, ile ya hapa ni maji ya kuoshea kikombe. Joto limeingia na watoto wa jengo zima wanacheza uwanjani hadi saa tatu, maana jua halitaki kuzama.

Murithi nilikutana naye kanisani. Alinitambua kabla sijasema jina.

"Wewe ndiye Wamaitha wa Gathoni? Yule mama anayeongea kama spika ya mkutano?" Halafu akaona uso wangu. "Pole, dada. Nyumbani tunamtania hivyo, hata yeye hucheka."

"Amerudi safarini?" nikamuuliza.

"Safari gani?"

"Mjomba ameandika kwamba amesafiri."

Akageuza kofia yake mikononi. "Dada, kwani hukuambiwa? Mama yako alihama kutoka kwa mjomba wako tangu kabla ya Krismasi. Anakaa Makongeni na mama mwingine wa kiwandani. Wako thelathini na wanne waliokwenda Ofisi ya Kazi kusema masikio yao yalikufia kwenye mashine. Wanataka mwajiri atamke kwamba alijua. Jina la kwanza kwenye karatasi ni la mama yako."

Kwa hiyo kila nilipouliza habari zake, majibu yako yalikuwa yanatoka kwenye nyumba asiyokuwamo. Nilirudi kwa basi nikapitiliza kituo changu, nikashuka Agincourt nisikokuwa na kazi nako, nikakaa kwenye benchi mbele ya duka la samaki.

Ndipo nikafungua maelezo ya sura ya tano. Umeandika: "Hadi mwaka 1993 hakuna daktari wala mtu yeyote aliyenieleza kwamba mashine zinadhuru masikio. Nilipoelezwa nilinunua vikinga masikio mwezi uleule."

Mjomba, ilikuwa Agosti 1985. Nilikuwa likizo, darasa la nane, nikikusaidia kupanga mafaili. Ulikuwa umekalia miwani yako ikavunjika. Barua ikaja kutoka kwa daktari wa zahanati ya misheni, kwa Kiingereza, nawe ukasema, "Nisomee, Maitu." Nikakusomea. Wanawake kumi na mmoja aliowapima, masikio yanakufa. Wapewe vizibo au wabadilishwe zamu. Majina yalikuwa chini, na la mama lilikuwa la sita. Ukasema, "Weka hapo. Na usimwambie mama yako, ataogopa kazi."

Sitaki kudhani umesahau kwa makusudi. Nakukumbusha tu. Sura ya tano nimeiacha wazi, nangoja neno lako.

Wamaitha

*

Thika, 20 Agosti 1997

Wamaitha,

Sisi wazima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi.

Barua unayoitaja siikumbuki. Nimetafuta kwenye mafaili na haimo. Ulikuwa mtoto wa miaka kumi na mitatu, na watoto huchanganya mambo. Usiilete katika maandishi yako wala katika mazungumzo na akina Murithi. Nina maadui wanaongoja neno dogo kama hilo. Tarehe tatu Desemba hao wanawake wanasikilizwa Ofisi ya Kazi, na wiki hiyo hiyo chama kinateua wagombea. Unajua maana yake.

Kiwanda kikifungwa watu mia moja na themanini wanakwenda nyumbani. Umelifikiria hilo huko ulipo? Mama yako nilimpa kazi mwaka ambao hakuna mtu mwingine angempa. Wewe nilikulea.

Na kama kweli ulijua tangu 1985, nikuulize swali moja. Kwa nini hukumwambia mama yako?

Mpiga chapa bado anangoja.

J. Kangethe

*

Toronto, 12 Oktoba 1997

Mjomba,

Natumaini nyote ni wazima na koo limepona. Kesho huku ni sikukuu ya kushukuru kwa mavuno. Maktaba imefungwa, jengo linanuka nyama ya kuoka kutoka kila mlango, na Bi Daulat amekwenda kwa mwanawe Calgary. Redio nimeiwasha ili kuwe na mtu anaongea.

Swali lako nimekaa nalo wiki sita. Sikumwambia kwa sababu uliniambia nisimwambie, na kwa sababu ulikuwa umeniita Maitu ukanipa siri kama mtu mzima, nikajiona mkubwa. Baadaye nilipoona anaangalia midomo yetu tunapoongea, nilisema labda ni uzee. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Nikaenda bweni, nikaenda chuo, nikaja huku. Alikaa kwenye mashine miaka saba baada ya siku ile. Hilo ndilo jibu langu, na halinisaidii.

Nikueleze la Threlfall. Kwenye sanduku la tatu kuna bahasha ya daktari wa mji wake, imeandikwa tarehe ya 1861, miaka kumi na tatu kabla hajaiambia kamati kwamba hakuna aliyemweleza. Bahasha ni tupu. Maprofesa wawili wamepita hapo kabla yangu, wakaandika "haijulikani ilikuwa na nini", wakaendelea.

Lakini Threlfall macho yake yalikuwa mabovu, na mpwa wake Alice ndiye aliyekuwa akimsomea. Shajara ya Alice imo humo. Siku ya tarehe ile ya bahasha ameandika maneno machache tu: "Nimemsomea Mjomba barua zake. Mvua." Mjomba wake alipokufa, Alice alichukua masanduku akahamia Toronto. Alipanga chumba kimoja, akafundisha watoto Jumapili, na miaka thelathini na miwili aliyaweka makaratasi chini ya kitanda bila kumwonyesha mtu. Alikufa peke yake. Mwenye nyumba ndiye aliyepeleka masanduku maktaba kwa sababu yalikuwa yanachukua nafasi.

Nilitafuta mtaa aliokaa. Ni mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kituo ninachobadilishia basi. Nilisimama hapo nikaona jinsi mtu anavyoweza kuishi miaka mingi bila adui na bila rafiki, anasalimiwa vizuri, anarudi chumbani.

Sikutishi, Mjomba. Nakuomba. Nenda mwenyewe Ofisi ya Kazi kabla ya tarehe tatu, useme. Ukisema wewe, itakuwa ni mtu aliyekosea na kurudi. Nitaiandika sura ya tano hivyo, na itakuwa sura bora kuliko zote, naapa, na jina langu nitaliweka juu ya jalada kwa herufi kubwa. Nataka sana kuiandika. Barua zako ndizo barua pekee ninazopata. Ninaposhuka kwenye lifti hutazama kisanduku kabla ya kuangalia kama mvua inanyesha.

Nijibu hata mstari mmoja.

Wamaitha

*

Toronto, 23 Novemba 1997

Mjomba Kangethe,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya, na kwamba mvua za vuli hazijaharibu barabara za mikutano. Murithi ameshaanza masomo, ananenepa. Bi Daulat amerudi kutoka Calgary na mafua. Theluji ya kwanza imeanguka juzi.

Hukujibu. Nilihesabu siku za ndege kwenda na kurudi, nikaongeza wiki mbili za kampeni, nikaongeza nyingine ya posta. Kisha nikaacha kuhesabu.

Mama nilimwandikia kwanza. Nilimweleza yote: miwani, barua, jina lake la sita, na kwamba nilinyamaza. Sikumwomba msamaha, kwa sababu msamaha ungekuwa kazi nyingine ninampa. Imepita wiki tatu na nusu. Hajajibu, na sijui kama atajibu.

Halafu nilikwenda kwa wakili mmoja Agincourt, jina lake Farhat, ofisi iko juu ya duka la vitambaa. Ana ruhusa ya kuapisha watu. Alisoma kurasa zangu mbili polepole akifuata kwa kalamu.

"Ulikuwa mtoto," akasema.

"Nilikuwa mtoto anayejua kusoma."

"Na huyu ni ndugu wa mama yako. Atakuja kwenye harusi yako, au hatakuja, kwa sababu ya karatasi hii. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Nani yuko nawe hapa?"

Sikujua kama anauliza ofisini au Toronto. Nikamjibu hakuna. Akaniletea maji, nikanywa, nikaapa, nikatia sahihi, akagonga muhuri.

Kijitabu sitakiandika. Sura nne zilizokwisha ni zako na ni za kweli zote, chukua uzitumie bila jina langu. Hata ile ya mkono. Hujawahi kuwa mtu mbaya kwangu, na sikuandika kwamba wewe ni mbaya. Niliandika tarehe, mahali, nilichosoma, na ulichosema. Hao watu mia na themanini nimewafikiria pia, kila siku tangu uliponiandikia, na bado sikupata njia ya kuwaokoa kwa kuwasemea uongo hawa thelathini na wanne.

Hati ya kiapo ilikwenda Ofisi ya Kazi Thika, kwa rejista, na stakabadhi ninayo. Nakala yako ni hii niliyoambatanisha. Ile ya kwao niliitanguliza kwa siku kumi, ili usiweze kuniomba niibadilishe, na mimi nisiweze kukubali.

Wamaitha